Sikio Moja kwa Hadithi, Moja kwa Wateja: Miezi Minane na Vitabu vya Sauti

Januari mwaka huu nilikata mikono miwili ya kushoto. Ilikuwa shati la sare, kitambaa cha bluu, na mwenyewe anakuja kulichukua saa kumi jioni. Kitambaa hakikuwa na kosa, makasi pia. Ila kwenye hedifoni mpelelezi alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa stoo, nami nilitaka kujua kuna nini ndani. Kulikuwa na maiti. Nilipotazama mezani nikakuta nimesahau kugeuza karatasi ya vipimo, na mikono yote miwili ni ya upande mmoja.

Naanza na hilo ili asiniambie mtu kwamba nasifu tu. Tangu wateja wangu waone nashona huku nacheka peke yangu, wamekuwa wakiuliza hivi vitabu vya kusikiliza vikoje, na kama vinaweza kuchukua nafasi ya kitabu cha kushika. Nimevitumia miezi minane. Haya ndiyo niliyoyaona.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, na nyumbani ni Luanda, upande wa Vihiga. Maana yake kila siku navuka ikweta mara mbili pale Maseno nikiwa ndani ya matatu, jambo ambalo watalii hulipigia picha na mimi hulipita nikisinzia. Riwaya nimezipenda tangu sekondari. Zamani nilikuwa nasoma garini: kutoka mjini hadi Otonglo na Kisian barabara imetulia, unamaliza kurasa sita saba vizuri. Ukishapita Kisian gari linaanza kupanda mlima, herufi zinaanza kucheza, na tumbo linajibu. Jioni ndiyo mbaya zaidi, maana ndani ni giza na makanga hataki kusikia habari ya taa. Nikifika nyumbani kuna moto wa kuwasha na mama wa kuangalia. Kitandani nasoma ukurasa mmoja mara tatu hadi kitabu kinaniangukia usoni. Mwaka juzi nilimaliza vitabu viwili. Viwili, mimi niliyekuwa namaliza kimoja kwa wiki!

Nilianza na huduma ya kulipia kila mwezi. Jina naliacha. Nililipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, zaidi ya shilingi 1,500 kwa mwezi, hela ambayo kwenye vitabu vya mitumba, vile vya kuinama kando ya barabara, ingenipa vitabu vinane au kumi. Kuhusu sauti sina neno baya. Wanaosoma ni watu wa kazi, wengine waigizaji, na usiku wa kwanza nilipita kituo changu kwa sababu ya mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa akisoma kana kwamba ananinong'oneza siri ya ukoo. Ubaya ni kwamba hununui, unapanga. Februari biashara ilipolala baada ya wazazi kumaliza kununua sare, nikaacha kulipa, na kitabu kikajifunga nikiwa sura ya 14. Muuaji hajakamatwa hadi leo. Kitabu cha karatasi huwa kinaazimwa na hakirudi, hilo nalijua sana, lakini angalau mwizi wake huwa namfahamu.

Nikahamia LibriVox. Huu ni mradi ulioanza 2005, ambapo watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, na mtu yeyote anaruhusiwa kuvipakua bure na kubaki navyo. Kwa kuwa wasomaji ni wa kujitolea, ubora unapanda na kushuka kama barabara ya mtaani. Sura ya kwanza anasoma mzee mwenye sauti ya jandoni, sura ya pili mama mmoja anayekimbia kana kwamba ameacha maziwa jikoni, sura ya tatu unasikia mbwa akibweka kwa mbali. Mwanzoni nilikerwa. Baadaye nikazoea, nikaanza hata kupenda, kwa sababu ni kama kusomewa na majirani kwa zamu. Vingi ni vya Kiingereza, na cha kale, sentensi ndefu kama foleni ya Kondele. Kama unataka riwaya ya mwaka jana, huko usiende.

Wengi wanaogopa bando. Hofu hiyo naiondoa kwa hesabu. Faili ya kiwango cha chini, ile ya kilobiti 64 kwa sekunde, hula kama megabaiti 29 kwa saa moja ya kusikiliza. Kitabu cha saa kumi ni megabaiti 290 hivi. Ukikipakua mara moja usiku, mchana hukitumii hata senti, data imezimwa kabisa. Na kwa vile kioo cha simu kimezimwa pia, chaji inanifikisha jioni, hata siku ambayo stima imepotea sokoni tangu asubuhi.

Kuna wanaosema kusikiliza ni uvivu, ni njia ya mkato. Hao hawajapiga hesabu. Msomaji wa sauti hutoa kama maneno 150 kwa dakika. Macho ya mtu mzima aliyezoea kusoma Kiingereza kimya kimya huenda hadi 240 hivi. Kitabu cha maneno 90,000 ni saa kumi za masikio, lakini ni saa sita na kitu za macho. Kwa hiyo mimi ndiye ninayechelewa! Tofauti ni kwamba zile saa sita za macho sina. Hizi kumi za masikio ninazo tayari, zimelala kwenye mikunjo ya sketi na kwenye kiti cha matatu. Kuna kitufe cha kuongeza kasi. Moja na robo inanitosha. Moja na nusu msomaji anakuwa kama mhubiri wa stendi anayetaka kumaliza kabla gari halijajaa.

Kazi yenyewe si yote inayokubali hadithi, na hili wenzangu wa cherehani watanielewa. Mshono mrefu ulionyooka, ndiyo. Kukunja pindo, ndiyo. Kushona vifungo kwa mkono ndiyo raha ya juu, hakuna kelele, vidole vinajua njia yao, na sura nzima inaingia kama uji. Kupiga pasi, sawa. Ovaloki, ile mashine ya kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, hapana, inapiga kelele kuliko muuaji na anayeuawa wakiwa pamoja. Kupima mteja hapana, ni kukosa adabu, na utaandika kiuno mahali pa kifua. Kukata, hapana kabisa: mikono miwili ya kushoto, nimesema. Navaa hedifoni upande mmoja tu, sikio la kulia kwa hadithi, la kushoto kwa wateja na kwa makanga. Barabarani hata hilo moja nalitoa, maana boda boda haikusubiri umalize aya.

Sasa kuna jambo ambalo sikulitarajia. Kitabu cha karatasi hukaa kichwani mwangu kama mahali: najua ile barua ilikuwa ukurasa wa kushoto, juu, karibu na doa la chai. Nilidhani cha sauti kitapita kama maji kwa sababu hakina kurasa. Kumbe kilitafuta kurasa zake nje. Kifo cha mjomba katika riwaya moja kiko Lela. Siwezi kupita Lela bila kumkumbuka yule mjomba, Mwingereza wa watu, asiyejua kama kuna mahali panaitwa Lela. Harusi iko Maseno, karibu na kibao cha ikweta. Ugomvi wa urithi umenasa kwenye zipu ya sketi ya kijani ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, na bado imetundikwa pale juu.

Kinachonikosesha amani ni majina. Nilifuata kisa cha msichana mmoja wa Kiairishi kwa saa kumi na moja nzima, nikimwandika kichwani Shivon, kama lilivyosikika. Siku moja nikaliona jina lenyewe kwenye karatasi: Siobhan. Nikahisi kama nimemsalimia mtu mwingine miezi yote. Sisi tuliolelewa na Kiswahili hatujazoea mambo hayo, maana kwetu ukilisikia neno unaweza kuliandika, na ukiliona unaweza kulisoma. Kwa vitabu vya wenzetu, sikio peke yake linakuacha nusu ya njia.

Na Kiswahili chenyewe? Hapa ndipo penye njaa. Kitabu cha Kiswahili kilichosomwa vizuri kuliko vyote kwenye simu yangu ni Biblia, na kipo bure. Kando ya hapo nimepata hadithi za watoto, mahubiri mengi, na watu wanaosimulia muhtasari wa vitabu teule vya mtihani wa shule ili wanafunzi wasivisome. Riwaya nzima, imesomwa na mtu mwenye pumzi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, nimetafuta hadi nikachoka.

Nikajaribu ile sauti ya mashine iliyomo ndani ya simu, inayosoma maandishi yoyote unayoipa. Niliipa hadithi fupi ya kijijini. Ng'ombe walipotokea ikajikwaa: ikasoma N, ikapumzika, ikamalizia na gombe. Mbu akawa "embu", nikadhani tumeshahamia kaunti nyingine. Mkazo wa neno, ambao kwetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mashine yangu iliutupa popote ilipojisikia. Labda simu za bei ni bora. Yangu ilinichekesha dakika kumi, kisha nikaizima.

Kuna kasoro moja ambayo haihusu mashine wala bei, na ndiyo iliyonifanya nisiache karatasi. Msomaji wa sauti anaamua kabla yangu. Anampa mtu fulani sauti ya kukwaruza, kila anapotokea anakwaruza, na ifikapo sura ya pili nimeshajua huyo ndiye mwizi. Mwandishi alikuwa hajasema lolote! Kwenye karatasi mtu huyo angekuwa ananisalimia tu asubuhi, na mimi ningempa faida ya shaka.

Halafu fikiria lugha yetu. Kiingereza kikisema mtu ameingia, mara moja kinakwambia ni wa kike au wa kiume. Kiswahili kinasema "aliingia", basi. "Alivua koti, akaketi, akaomba maji." Ni nani? Mwandishi mjanja anaweza kunizungusha hivyo kurasa tatu, nikimdhania mume kumbe ni mke mwenza. Mpe msomaji sehemu hiyo aisome kwa sauti za kuigiza. Mgeni akifungua mdomo tu kuomba maji, siri imemwagika. Itabidi achague sauti nyembamba au nzito, na akishachagua, mchezo umekwisha. Utamu huo karatasi inauhifadhi bila kutoa jasho.

Watu husifu harufu ya kitabu. Mimi nashinda kwenye vitambaa vipya kuanzia asubuhi, harufu hainibabaishi. Ninachopenda kwa kitabu cha karatasi ni kwamba kinatembea. Riwaya moja niliyoinunua kwa shilingi 150 imesomwa na watu watano hapa sokoni, wa mwisho akiwa muuza nyanya aliyeirudisha na mbegu mbili ukurasa wa 88. Kitabu kipya dukani ni kilio kingine. Sheria ya VAT ya 2013 iliviweka vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, kama vile mtu anayenunua riwaya ananunua anasa. Kwa wasio na kitu kabisa ipo maktaba ya umma pale Kisumu, na kiti chake ni kizuri kuliko changu cha cherehani.

Sasa mama. Yeye ndiye msomaji aliyenizaa kwa njia zote mbili. Miaka ya themanini, redio ikiitwa bado Sauti ya Kenya, alikuwa hakosi mchezo wa redio hata kama ugali unaungua. Lakini vitabu ndivyo vilikuwa vyake hasa, vya Kiswahili, anavisoma akiwa amekaa juu ya mwamba nyuma ya nyumba (kwetu Bunyore, huko huko Luanda, hakukosi mwamba wa kukalia). Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Tunangoja zamu ya upasuaji. Herufi anaziona kama siafu waliomwagikiwa maji.

Nikamletea vitabu vyangu vya sauti kwa furaha kubwa. Nilimweleza kwamba vitu hivi havikuanza kwa ajili yetu tunaoshona na kupanda matatu. Uingereza vilianza 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopoteza macho katika Vita Vikuu vya Kwanza, vikiwa kwenye sahani za santuri, kila upande dakika kama 25. Kitabu kimoja kilikuwa rundo la sahani. Akasikiliza maelezo yangu yote kwa heshima. Kisha akasikiliza yule mzee Mwingereza dakika tano.

"Mwanangu," akasema, "huyu mzungu anasoma vizuri. Lakini anasomea nani?"

Basi nikaanza kumsomea mwenyewe, na siku ambazo nitachelewa nikamrekodia kwa simu. Nilichagua riwaya aliyowahi kuisoma akiwa kijana na kuipenda. Niwaambie wanaodharau kazi ya wasomaji wa sauti: kaa chini ujaribu. Sura ya kurasa 15 ilinichukua karibu saa nzima kurekodi, kwa sababu jogoo, kwa sababu jirani, kwa sababu ulimi. Mvua ya jioni ikianza juu ya mabati, funga duka, hakuna rekodi tena. Nilijifunza kurekodi saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimejifunika blanketi kichwani ili sauti isigonge ukuta, nikitoka jasho kama anayefukizwa kwa malaria.

Jirani alisikia, akaniomba nimtumie kwa WhatsApp. Nilimkatalia, na kidogo tuachane vibaya. Mwandishi yu hai na anategemea kitabu chake. Kumsomea mama sebuleni ni jambo moja, kusambaza kwa kijiji ni kumkata mtu riziki. Nilimwambia tungoje. Kwa sheria ya Kenya, kazi ya mwandishi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962, hesabu mwenyewe. Huwa najiuliza mbona hatujapata watu ishirini wa kujitolea, mmoja Luanda, mmoja Lamu, mmoja Tanga, tukae tumsome kwa zamu kama wale majirani wa LibriVox, jogoo na wote.

Kwa mama nilitaka kufanya kazi nzuri. Nikaiga waigizaji. Mzee wa kijiji nikampa sauti nzito, mke mdogo nikamtoa puani, mtoto nikambania koo. Nilijisikia fundi kweli. Jioni nikafika, nikamkuta amekaa na simu mapajani imezimwa.

"Umemaliza sura, mama?"

"Nimeiacha. Huyu mke mdogo umemfanya mjinga."

"Si ndivyo alivyo?"

"Ndivyo wewe unavyomwona. Mimi namjua tangu sijakuzaa." Akanirudishia simu. "Wewe soma tu. Sauti zao nitawawekea mimi."

Siku hizi namsomea hivyo, sauti moja kavu, naheshimu nukta na mkato, sichangii kitu. Tuko sura ya tisa. Mke mdogo bado hajasema lolote la maana, na mama anatabasamu kila anapoingia chumbani.